Agosti Kila Mtu Bingwa: Daftari Langu na Laki Nne za Watu

 Najua mmezoea kuingia hapa kuchungulia nani kaachana na nani, nani kanunuliwa gari na nani anasema kanunua mwenyewe. Leo sina umbea wa staa. Au tuseme ninao, ila mhusika ni mimi mwenyewe, na umbea wenyewe sio wa kuchekesha sana.

Tupo Julai, na Julai mnaijua. Ligi imeisha juzi tu, Juni 25, 2025, Yanga kampiga Simba 2-0 kwenye ile mechi iliyotakiwa kuchezwa Machi 8 ikaahirishwa, kombe likaenda Jangwani mwaka wa nne mfululizo. Nyasi hazijapumzika na tayari watu washaanza. "Mwaka huu wetu." "Tukimleta yule straika mmeisha." Kila kijiwe kina mtabiri wake, kila simu ina mchambuzi. Na mimi, niliyekuwa mtabiri namba moja wa mtaa wetu, nimekaa kimya. Watu wananiuliza mbona dada umepoa? Ndio naandika hapa, nikimaliza nisiulizwe tena.

Nianze mwanzo. Mjomba wangu ana kibanda umiza hapa Bagamoyo, huku Magomeni yetu, sio ile ya Dar. Mabenchi, turubai, feni moja inayozunguka kwa hisani, na tivii mbili. Mechi ya kawaida jero, dabi buku. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja kama yalivyokuja, mjomba akaniambia njoo ukae mlangoni ukusanye hela. Nikakaa. Mlangoni pale ndipo nilipojifunza kuandika, maana ukikaa na wanaume mia wanaobishana, stori haziishi.

Nilikuwa na kaunta buku la mahesabu. Agosti moja wateja wawili wakabishana mpaka karibu washikane mashati. Mmoja anasema "mwaka jana ulisema Azam bingwa", mwenzake anakana mbele ya mashahidi. Nikawaambia jamani, kuanzia leo anayetabiri namwandika. Nikageuza kaunta buku upande wa nyuma: jina, timu, sahihi. Wakacheka, lakini wakaandika. Mwaka uliofuata wakaja wenyewe: "Dada wa daftari, niandike."

Sasa twende Agosti 2023, maana ndiko kwenye msiba.

Mimi ni Simba wa kuzaliwa, nisijifiche. Na mwaka ule, wadau, hata asiye Simba alikuwa anaona. Hebu kumbukeni. Yanga walikuwa wametoka kuchukua ligi na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Halafu ghafla nyumba ikaanza kubomoka. Kocha Nasreddine Nabi kaondoka. Fiston Mayele, aliyemaliza na magoli 17 kwenye ligi, kauzwa Pyramids ya Misri. Feisal Salum, baada ya sarakasi za miezi, kaenda Azam. Yaani kichwa, mguu na moyo vyote vimeondoka dirisha moja. Kaja kocha mgeni, Miguel Gamondi, watu wanauliza huyu nani. Sisi Simba tumeenda kuweka kambi Uturuki, wenzetu wamebaki Avic Town kule Kigamboni. Picha za Uturuki zinavyopostiwa, milima na majani mabichi, ukiziangalia tu unajiona bingwa.

Siku ya Simba Day tukampiga Power Dynamos ya Zambia 2-0. Daftari langu likajaa kurasa mbili. Zaidi ya nusu wameandika Simba, na kati yao wapo Yanga wawili walioandika kwa uchungu, huku wamenuna. Mmoja tu aliandika Azam. Tulimcheka.

Halafu ikaja Ngao ya Jamii, kule Tanga, uwanja wa Mkwakwani. Mwaka ule ndio walianza mtindo wa timu nne. Sisi wa Bagamoyo tukachanga, tukakodi kosta kwenda kwenye fainali. Jumapili ya Agosti 13 tukaondoka alfajiri, Kiwangwa watu wananunua mananasi dirishani, tukatokea Msata, tukavuka Wami, Mkata, Segera, Muheza, nyimbo njia nzima. Mpira ukaisha 0-0. Penalti. Ally Salim, kijana wetu golini, akapangua tatu. Tukashinda 3-1. Wadau, mimi sijawahi kulia hadharani kama siku ile. Nilimkumbatia mama mmoja wa Tanga nisiyemjua, tukaruka wote mpaka kiatu kikakatika.

Usiku ule kwenye kosta nikasimama katikati ya viti, nimeshika kiatu mkononi, nikatangaza: "Ubingwa mwaka huu ni wa Simba, mia kwa mia. Asiyeamini aje aandike kwenye daftari langu." Kosta nzima ikapiga kelele. Nikapostiwa. Kesho yake nikaandika na hapa, wale wa siku nyingi mnakumbuka, nikatoa sababu saba kwa nini Utopolo wamekwisha. Posti ile ilisomwa kuliko zote nilizokuwa nimeandika. Kwa wiki mbili nilikuwa mchambuzi. Watu wananisalimia stendi.

Kuna kijana mmoja, mteja wetu wa benchi la mbele. Simtaji jina, na hata kazi yake nitaigusa juu juu tu: ni mvuvi, anavua kwenye chombo cha watu. Mpole, hana makelele, mpira anauangalia kama mtu anayesoma barua. Alikuwa anadunduliza hela achangie na kaka yake wanunue mashine ya boti, waache kuwa watu wa kugawiwa. Siku mbili baada ya Ngao akaja mlangoni kabla ya mechi kuanza, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, ile uliyosema kwenye gari, una uhakika?"

Nikamjibu bila hata kumwangalia, nahesabu chenji: "Mdogo wangu, mia kwa mia."

Sikujua anauliza kwa nini. Sikuuliza. Kumbe kule soko la samaki kuna Yanga mmoja alimwambia weka laki nne na mimi naweka laki nne, tuone Mei. Wakampa mzee mmoja awashikie. Kijana akaweka dau ili apate dau, kama wanavyosema wenyewe.

Ligi ikaanza. Yanga mechi ya kwanza, KMC, 5-0. Mechi ya pili, JKT Tanzania, 5-0. Mimi nikasema mlangoni: "Hao wanapiga vibonde." Oktoba wakafungwa na Ihefu 2-1, nikatoa daftari nikalipiga busu mbele ya watu. Mnaona? Likitokea jambo la kuniunga mkono naliita ushahidi, likitokea la kunipinga naliita bahati.

Novemba 5, dabi. Kibanda kimejaa mpaka watu wamekaa juu ya ndoo. Musonda kafunga mapema, Kibu Denis karudisha, mapumziko 1-1. Nikatembea katikati ya watu nauza maji, najipa moyo. Kipindi cha pili sina haja ya kuwasimulia, maana mnapigiwa kelele za mkono mpaka leo. Tano moja. La tatu lilipoingia nikamwona yule kijana ameinuka benchi la mbele, akapita mbele yangu kimya, hajafunga hata vishikizo vya shati. Nikajua mvua inamtisha, maana nyuma ya Shule ya Dunda kulikuwa na wingu. Kumbe hakuna mvua.

Siku mbili baadaye kocha Robertinho akaondolewa. Mei 2024 Yanga wakatangazwa mabingwa mechi zikiwa bado zimebaki, wakamaliza na pointi 80. Simba na Azam wamelingana pointi 69, Azam kwa tofauti ya magoli akawa wa pili, sisi wa tatu. Wa tatu, wadau! Yule mzee mmoja aliyeandika Azam, tuliyemcheka, ndiye aliyekaribia kuliko sisi wote tulioandika Simba.

Habari ya laki nne nilikuja kuisikia kwa mjomba, wiki dau lilipokabidhiwa. Mjomba hakunifokea. Alisema tu: "Mwanangu, mdomo wa mlangoni unasikika mpaka baharini." Nikamtafuta kijana, nikachukua elfu hamsini kwenye akiba yangu nikampelekea. Akakataa. "Hela ya ubishi hairudishwi, dada. Niliweka mwenyewe." Hata hakukasirika. Bora angenitukana. Baada ya pale hakuja kibandani msimu mzima wa 2024/25. Hata usiku ambao Simba alicheza fainali ya Shirikisho na RS Berkane, benchi lake lilikaliwa na mtu mwingine.

Ndio nikaanza kuhesabu. Sio kwa ajili ya posti. Nilitaka tu kujua: je, nilidanganya, au nilikosea kama anavyokosea mtu yeyote? Ngao ya Jamii inasema nini hasa kuhusu bingwa?

Nikachukua miaka 12, kuanzia Ngao ya 2013 mpaka ya 2024, nikaandika kila aliyeshinda Ngao na kila aliyechukua ligi msimu uleule. Majibu haya hapa. Mshindi wa Ngao alichukua ligi mara 9 kati ya 12. Alishindwa mara tatu tu: 2013 Yanga walimfunga Azam 1-0 halafu Azam akachukua ligi bila kufungwa hata mechi moja, 2016 Azam alishinda kwa penalti, ligi ikaenda Yanga, na 2023, ile ya kiatu changu.

Tisa kati ya 12! Nikafurahi. Nikasema kumbe sikuwa mjinga, nilikuwa na bahati mbaya. Nikampelekea mjomba karatasi. Mjomba aliishia darasa la saba lakini kuhesabu hela za watu kumemfundisha. Akaangalia, akauliza swali moja: "Na ukimtaja tu bingwa wa mwaka jana, bila kuangalia mechi yoyote, unapata ngapi?"

Nikarudi kuhesabu. Mara 8 kati ya 12.

Mnaona hapo? Mtu aliyelala Julai na Agosti nzima, hajaenda Simba Day, hajaenda Wiki ya Mwananchi, hajaona picha hata moja ya Uturuki, akiamka akasema "bingwa ni yuleyule wa mwaka jana", anapata nane. Mimi na kosta yangu na mananasi ya Kiwangwa na kiatu kilichokatika, tunapata tisa. Tofauti ni moja.

Nikachimba zaidi. Katika miaka 7 kati ya hiyo 12, aliyeshinda Ngao ndiye aliyekuwa bingwa mtetezi tayari. Hapo Ngao haikukuambia kitu kipya, ilirudia unachojua. Imebaki miaka 5 ambayo Ngao ilisema tofauti na msimamo wa mwaka jana: 2014, 2016, 2017, 2021 na 2023. Hiyo ndiyo miaka ambayo Ngao ilikuwa inatabiri kweli kweli. Ilipatia mara tatu, ikakosea mara mbili. Tatu kwa mbili, wadau. Hiyo ni kama kurusha shilingi juu. Na zile Ngao nne zilizoamuliwa kwa penalti, 2015, 2016, 2017 na 2023, mbili zilisema kweli na mbili zilidanganya. Kwa hiyo nilichokiita mia kwa mia kwenye kosta, kwa hesabu, kilikuwa hamsini kwa hamsini, tena ya penalti. Na kijana wa watu akaweka laki nne juu yake.

Najua miaka 12 ni michache, mtu wa hesabu atanicheka. Lakini ndiyo niliyoweza kuihakikisha, na inatosha kuniondoa kiburi.

Siku za mashabiki ndio usiseme. Wiki ya Mwananchi 2021, Yanga alifungwa na Zanaco 2-1 nyumbani. Septemba ileile Rivers United ya Nigeria ikawatoa Ligi ya Mabingwa mapema kabisa. Tulivyowacheka! Msimu ule Yanga akachukua ligi bila kufungwa hata mechi moja. Mwaka uliofuata, 2022, Vipers ya Uganda ikampiga Yanga 2-0 mbele ya watu wake, na siku mbili baadaye sisi Simba Day tukamfunga St George ya Ethiopia 2-0. Ukiangalia wiki ile peke yake unampa nani kombe? Kombe likaenda Jangwani, na fainali ya Afrika juu yake. Mechi ya siku ya mashabiki ni harusi. Bibi harusi akipendeza haina maana ndoa itadumu.

Halafu kuna jambo jingine daftari lilinionyesha, na hili nadhani ndilo kubwa. Ukiniuliza bingwa atakuwa Simba au Yanga, nakupa jibu sahihi mara 11 kati ya 12. Hiyo sio akili, hiyo ndiyo ligi yetu ilivyo. Ndio maana kila mchambuzi anaonekana anajua: anachagua kati ya wawili, mwaka huu akikosa mwaka ujao anapata, na hakuna anayeandika. Kipimo cha mtabiri sio pale juu. Shuka chini uone.

Kwenye kurasa zile mbili za 2023 hakuna hata mtu mmoja aliyeandika kwamba Coastal Union ya Tanga, ambao tulipita kwenye mji wao na kosta yetu tunapiga kelele, wangemaliza wa nne. Walimaliza wa nne, wakaenda kucheza Afrika. Singida Fountain Gate, waliokuwa mmoja wa wale wanne wa Ngao, wakamaliza mbali kabisa na nne bora. Hakuna aliyeandika kwamba Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, atashuka daraja. Alishuka. Na Geita Gold, waliokuwa wa nne msimu wa 2021/22 na mchezaji wao George Mpole akawa mfungaji bora kwa magoli 17, nao wakashuka mwaka huohuo wa 2024. Mwulize mchambuzi yeyote kama alisema Agosti. Atakuonyesha meno.

Wazee wa kijiweni wananikumbusha Tukuyu Stars ya Mbeya. 1986, ndio wamepanda tu daraja, wakachukua ubingwa. Kama daftari langu lingekuwepo enzi zile, sidhani kama kuna sahihi ningeiona hapo.

Na sio sisi tu. Kuna Wamarekani na mpira wao ule wa kubeba mikononi, wa vyuo vikuu. Wenzetu hawa tangu 1950 waandishi wao wa habari wanapiga kura kabla ya msimu na kupanga timu bora, siku hizi 25, mechi hata moja haijachezwa. Na inabaki kwenye rekodi, huwezi kukana. Mwaka 2022 chuo cha Texas A&M walikiweka namba 6. Kikamaliza kimeshinda mechi 5, kimefungwa 7. TCU hawakukiweka hata kwenye 25. Kikafika fainali. Fainali yenyewe kilipigwa 65-7 na Georgia, lakini si kilifika? Kwa hiyo watu wenye kompyuta na takwimu za kila mchezaji nao wanaadhirika. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao wameandika, na mwisho wa msimu mtu anaweza kufungua akasoma.

Sasa mtaniuliza, kama ni hivyo kwa nini kila Agosti tunatabiriwa? Kuna msemaji mmoja, simtaji, mdomo wake ni asali na pilipili. Yule akisimama kwenye maikrofoni akasema mwaka huu tunabeba makombe yote, hatabiri. Anafanya kazi. Anauza tiketi na jezi, na anauza vizuri, Mungu ambariki. Kuna mchambuzi mwingine wa redio, nikifungua asubuhi ananipa asilimia kabisa, sabini hii, thelathini hii. Asilimia zile kazipima wapi? Naye anafanya kazi, kipindi lazima kijae. Siwalaumu. Msema kweli mpenzi wa Mungu: mimi mwenyewe nilifanya hivyohivyo, na mimi hata mshahara sikulipwa. Nililipwa kusalimiwa stendi.

Kosa langu sio kukosea. Yanga kumpoteza kocha, straika na kiungo dirisha moja ni sababu nzuri ya kuwatilia shaka, na hata leo ningewatilia. Kosa langu ni lile neno mia kwa mia. Kijana aliniuliza swali zuri kabisa, "una uhakika?", na jibu la kweli lilikuwa "hapana, ila naipenda Simba." Maneno manne tu. Yangemwachia laki nne.

Wiki iliyopita amekuja. Ndio maana naandika leo. Nilikuwa nafagia kibanda, hakuna mechi, nikamwona mlangoni, ameongezeka kidogo, mikono ileile ya kamba. Tukasalimiana. Akakaa benchi lake la mbele, tivii imezimwa. Akasema kaka yake kapata mashine, ya mitumba, wanalipa kidogokidogo. Nikafurahi mpaka nikakosa la kusema. Halafu akauliza, na kicheko kiko pembeni ya mdomo:

"Haya dada wa daftari, mwaka huu unasemaje?"

Nikamletea karatasi yangu. Tisa, nane, tatu kwa mbili, nikamwelezea yote. Akasikiliza kama anavyoangalia mpira. Nilipomaliza akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo:

"Unajua dada, mimi nikitaka kutoka baharini siulizi mtu. Naamka, naangalia maji mwenyewe, nasikia upepo. Kusi ya leo sio ya kesho. Mtu akiniambia Agosti kwamba Desemba kutakuwa shwari, namwona kichaa. Sasa sijui kwenye mpira nilipatwa na nini."

Nikamwambia hata mimi sijui nilipatwa na nini.

Daftari la mwaka huu nimelibadilisha. Zamani lilikuwa jina, timu, sahihi. Sasa nimechora mistari miwili zaidi. Mmoja: "Sababu." Mwingine: "Ukikosea, nani anaumia?" Mjomba kasema nimeliharibu, watu watakimbia. Kweli, wengine wakifika kwenye mstari wa mwisho wanacheka, wanaacha wazi. Wengine wanasimama kidogo, kalamu juu juu.

Yule kijana aliomba kalamu. Akaandika Simba. Kwenye sababu akaandika "napenda." Kwenye mstari wa mwisho akaandika "moyo tu, hela iko kwenye mashine." Akapiga sahihi.

Mimi nimeandika chini yake. Simba pia, msinicheke. Ila mara hii sijapanda juu ya kiti cha gari.

Haya wadau, uwanja wenu. Mashushushu wa Jangwani najua mnakuja na matusi yenu ya kila siku, karibuni. Ila leo nina sharti: anayetabiri huko chini aandike timu, aandike na sababu. Nitazinakili zote kwenye kaunta buku, na ligi ikiisha nazirudisha hapahapa moja moja na majina yenu. Na kama kuna mdogo wako anayekuuliza "una uhakika?", tafadhali, acha kuhesabu chenji. Mwangalie usoni kwanza, ndio umjibu.